Suzanne Lenglen na tenisi ya kulipwa: yanayosemwa na yaliyotokea

Dhana: Tenisi ya kulipwa ilianza 1968.
Mwaka huo mashindano makubwa ndiyo yaliyowafungulia milango wachezaji wa kulipwa. Wenyewe walikuwepo zamani. Tarehe 9 Oktoba 1926 ziara yao ya kwanza kubwa ilizinduliwa Madison Square Garden, New York, mbele ya watazamaji wapatao 13,000. Nyota wake alikuwa mwanamke, Mfaransa Suzanne Lenglen, aliyesaini na promota C. C. Pyle kwa dola 50,000.

Dhana: Aliweka tamaa ya pesa mbele ya heshima ya mchezo.
Hapa ndipo Lenglen anapoonewa zaidi. Alitwaa Wimbledon mara sita (1919–1923 na 1925) bila zawadi ya fedha, kwa sababu kanuni za ridhaa, yaani za wachezaji wasiolipwa, zilikataza. Wakati huohuo tiketi ziliuzwa kwa jina lake. Umati uliomfuata ni moja ya sababu za Wimbledon kuhamia uwanja mpana zaidi wa Church Road mwaka 1922. Waandaaji wengi waliwapa nyota fedha kimyakimya wakiziita gharama za safari. Aliyesaini mkataba hadharani ndiye aliyefungiwa milango, na Lenglen hakucheza tena Wimbledon wala mashindano ya Ufaransa.

Dhana: Hakuwahi kushindwa.
Forest Hills, kwenye mashindano ya Marekani, 1921: alipoteza seti ya kwanza 6–2 kwa Molla Mallory, akajitoa mwanzoni mwa ya pili huku akikohoa. Hata taji lake la kwanza la Wimbledon, 1919, lilikuwa la kuponea chupuchupu. Seti ya tatu, mpinzani wake Dorothea Lambert Chambers aliongoza 6–5, 40–15, yaani pointi mbili za ubingwa. Katika pointi ya kwanza kati ya hizo mpira uligonga fremu ya raketi ya Lenglen, ukavuka wavu kwa shida. Akashinda 10–8, 4–6, 9–7.

Dhana: Matokeo ya ziara ya 1926 yalipangwa.
Wanaosema hivyo wanatazama kwamba mpinzani wa Lenglen kwenye ziara, Mmarekani Mary K. Browne, alipoteza mechi zote 38. Lakini Juni mwaka huohuo, katika fainali ya Ufaransa, Lenglen alimfunga Browne huyohuyo 6–1, 6–0, na hapo hakukuwa na promota. Browne, bingwa wa Marekani 1912–1914, alikuwa na miaka 35. Kasoro ya ziara ilikuwa kwamba kila mnunuzi wa tiketi alijua nani atashinda. Aliyeweza kuleta mashaka ni nyota wa Marekani Helen Wills, ambaye Februari kule Cannes, Ufaransa, alimsumbua Lenglen hadi 6–3, 8–6. Wills alibaki ridhaa.