Mazoezi ya moyo gym: kasi yako iko kwenye pumzi

Mtu akilipia gym kwa mara ya kwanza, mara nyingi huiendea mashine ya kukimbilia, akabonyeza kasi hadi 10 kwa kuwa wa pembeni yake yuko 10. Dakika chache baadaye anashuka akihema, na kesho yake haonekani. Sisi wa fiziotherapia tunakutana na wengi wa aina hiyo, na wala si wavivu. Wamefuata namba ya mashine, wakaisahau pumzi yao.

Mazoezi ya moyo, au kadio kama vijana wanavyoyaita, ni yale yanayotumia misuli mikubwa kwa mfululizo hadi moyo na mapafu vikaongeza kazi: kutembea haraka, kukimbia, baiskeli ya mazoezi, kuruka kamba. Ukiyazoea, kila pigo la moyo husukuma damu nyingi zaidi, kwa hiyo ukiwa umetulia moyo hauhangaiki kama zamani. Presha nayo hushuka kidogo, na misuli huitumia vizuri zaidi sukari iliyo kwenye damu.

Kipimo chepesi ni mazungumzo. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini kuimba kukakushinda, uko kwenye kasi ya wastani, na hiyo ndiyo ya mgeni. Maneno yakikatika kila mawili matatu, punguza. Anayetaka hesabu achukue 220 atoe umri wake: mwenye miaka 45 anabaki na 175, na kasi ya wastani kwake ni kama mapigo 112 hadi 133 kwa dakika. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hesabu sekunde 30, zidisha kwa mbili. Usipimie kidole gumba. Kina mapigo yake. Hayo ni makadirio tu, na kwa anayemeza dawa za presha au moyo kama atenolol au bisoprolol hesabu hiyo inapotosha, maana dawa hizo huzuia mapigo yasipande. Yeye afuate pumzi.

Kisha kuna joto letu la Tanga. Januari hadi Machi, hewa ikiwa imejaa unyevu wa bahari, jasho halikauki mwilini, mwili haupoi, na moyo hupiga haraka zaidi kwa kazi ileile. Kama gym yako ya Ngamiani ina feni tu, nenda alfajiri au shusha kasi. Na wanaovaa jaketi au kujifunga nailoni tumboni ili kukata kitambi, nawaomba waache. Jasho ni maji na chumvi, si mafuta. Uzito huo unarudi ukishakunywa maji, na katikati hapo unaweza kuanguka.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za kasi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za kasi kali. Usizikimbilie zote. Dakika 10 au 15, siku tatu kwa wiki, zinatosha kuanzia. Na anayepiga pedeli kila siku kutoka Ngamiani hadi Raskazone, mradi pumzi inapanda, asijidharau: dakika hizo zinahesabika.

Kwenye mashine ya kukimbilia, simama kwanza kwenye kingo, pachika klipu ya usalama kwenye nguo, tembea taratibu dakika tano. Usining'inie kwenye vishikio. Ukiviegemea, mashine inakubebea kazi. Ukimaliza, punguza kasi polepole kwa dakika tano nyingine, kwani ukisimama ghafla damu hubaki miguuni na kizunguzungu hukupata hapohapo.

Mwenye presha isiyotulia, ugonjwa wa moyo au mjamzito amwone daktari kwanza. Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, awe na glukosi mfukoni, kwa sababu sukari inaweza kushuka hata saa kadhaa baada ya mazoezi. Kifua kikibana, maumivu yakipanda taya au mkono, acha palepale na upelekwe hospitali. Usisubiri dakika zako ziishe, na usijiendeshe mwenyewe.