Kutengeneza Miguu ya Mbele ya Corolla ya Zamani Nyumbani: Dhana Potofu na Ukweli

Gari la zamani likianza kugonga kwa mbele, wengi huilaumu shokapu papo hapo. Katika Toyota Corolla za miaka ya 1990, ambazo bado ni nyingi barabarani, mlio huo mara nyingi hutoka kwenye linki za stabilaiza (vifimbo vinavyoshika chuma cha kuzuia gari kulala kwenye kona), boljointi (kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachoruhusu gurudumu kugeuka) au bushi (viungo vyenye mpira ndani) zilizochanika. Kabla ya kununua spea, nyanyua gurudumu, ulitikise ukiwa umelishika juu na chini, huku mwenzako akimulika kwa tochi aone kiungo kinachocheza.

Wapo pia wanaoamini kwamba shokapu ndiyo inayobeba uzito wa gari. Uzito hubebwa na springi. Shokapu hutuliza mdundo kwa mafuta yanayopenya kwenye matundu madogo ya pistoni yake, kwa hiyo gari lililolala upande mmoja kwa sababu ya springi iliyochoka halitanyooka kwa shokapu mpya.

Dhana ya hatari kuliko zote ni kwamba gurudumu likishaning'inia, springi imelegea na nati ya katikati ya shokapu inaweza kufunguliwa. Hata hapo springi bado imebanwa, na ikiachiwa ghafla inaweza kuua. Hubanwa kwanza kwa vibanio viwili maalumu vinavyotazamana, vikikazwa kwa zamu hadi iachane na kikalio chake. Waya au kamba havifai kabisa. Asiye na vibanio aifungue shokapu nzima pamoja na springi yake, aipeleke gereji ikatenganishwe huko. Na gari lenyewe likae juu ya stendi, kamwe si juu ya jeki peke yake.

Kosa linaloharibu kazi nyingi nzuri linahusu bushi za mkono wa chini, ambao mafundi huuita amu. Watu hudhani bolti zake zikazwe kabisa gari likiwa bado limenyanyuliwa, kwa kuwa ndipo spana inapofika kwa urahisi. Bushi hiyo ina bomba la ndani linalobanwa na bolti, la nje linaloshikwa na amu, na mpira uliogandishwa katikati yake. Mpira hauzunguki, bali hujisokota. Ukikaza amu ikiwa inaning'inia, gari likishuka mpira hubaki umesokotwa muda wote, hata likiwa limeegeshwa, na bushi mpya huchanika mapema, kisha lawama huangukia spea. Bolti hizo ziachwe zimeshika tu, gari lishushwe lisimame kwa magurudumu yake, lisukwesukwe kidogo litulie, ndipo zikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Grisi ya kawaida nayo huuvimbisha mpira wa bushi. Maji ya sabuni yanatosha kuiingiza.

Mwisho, kuhesabu nyuzi za tairodi endi, yaani ncha ya fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu, hakuchukui nafasi ya alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu kwa mashine. Hesabu hiyo hukufikisha tu kwenye mashine, kwa sababu hata zile bolti mbili zinazoifunga shokapu kwenye nako, yaani chuma kinachoshika kitovu cha gurudumu, zina nafasi ndogo inayoweza kubadilisha mlalo wa tairi. Alaimenti ifanyike baada ya bushi kukazwa gari likiwa chini, si kabla.