Mwili: maana na asili yake

Mwili ni umbo zima la kiumbe, kuanzia utosini hadi unyayoni: kile kinachoshikika, kinachopimwa uzito, kinachougua na kuzikwa. Kwa maana hiyo hutofautishwa na roho, nafsi na akili.

Wapo wanaodai kwamba neno hili limetokana na idadi, ati mwili ni mmojawapo wa "wawili" pamoja na roho. Dai hilo linavutia, ila halina msingi. Mwili ni neno la Kibantu tangu asili, na ndugu zake wanajulikana: Waganda husema omubiri, Wanyarwanda umubiri, Washona muviri. Katika Kiswahili, b ya kale ililegea, na katika wingi ikapotea kabisa, ndiyo maana tunasema miili. Idadi ina shina lake jingine: Kilingala, kwa mfano, husema mibale kwa mbili. Mabadiliko ya sauti ndiyo yaliyoyafananisha maneno hayo.

Kisarufi mwili umo katika ngeli ya U-I. Hapa ndipo habari za msiba hukosewa sana: "mwili wa marehemu amezikwa" si sahihi. Marehemu amezikwa, mwili umezikwa.

Kiwiliwili ni sehemu ya kati tu, bila kichwa, mikono wala miguu. Maungo ni viungo, ingawa watu hulitumia pia kwa mwili mzima. Jasadi, kutoka Kiarabu, husikika zaidi katika ushairi na mawaidha.

Lugha ya Kikristo ndiyo iliyolipanua neno hili kuliko zote. Katika Biblia ya Kiswahili, mwili hubeba maneno mawili ya Kigiriki: soma, yaani mwili wenyewe, na sarx, yaani nyama au ubinadamu dhaifu. Kwa hiyo "matendo ya mwili" katika Wagalatia 5:19 hayaulaani mwili kama mwili. Humo mna hata uchawi, husuda na hasira. Katika 1 Wakorintho 6:19, mwili huohuo unaitwa hekalu.

Kutokana na Yohana 1:14, "Naye Neno alifanyika mwili", Wakatoliki wana istilahi Umwilisho, yaani Mungu kufanyika mwanadamu, na kitenzi kumwilisha, yaani kukipa kitu mwili. Tahadhari: m- ya kitenzi hiki ni sehemu ya shina, haimwakilishi mtu anayetendwa. Ndiyo maana husemwa "Injili imemwilishwa", na kwa kutaja yambwa, yaani kinachotendwa, "wameimwilisha Injili".