Bh3 ya Shirov: injini ya chesi huiona baada ya muda gani?

Linares, Uhispania, 1998. Veselin Topalov anacheza na kete nyeupe, Alexei Shirov na nyeusi, na zamu ni ya Shirov katika hatua ya 47. Panga ubao hivi (ni FEN, maandishi ya mahali pa kila kete; yabandike kwenye programu ya chesi):

8/8/4kpp1/3p1b2/p6P/2B5/6P1/6K1 b - - 0 47

Shirov ana vitunda viwili zaidi, ila maaskofu wako kwenye rangi tofauti, na miisho ya aina hiyo huponyoka na kuwa sare. Akacheza 47...Bh3!! (B ni askofu, K mfalme, hatua isiyo na herufi kubwa ni ya kitunda, h3 ni mraba wa kwenda, x ni kula, + ni shaha, !! ni hatua bora mno), askofu mdomoni mwa kitunda.

Hizi ni mbio za wafalme. Mfalme mweusi anataka e4 kupitia f5, na f5 imekaliwa na askofu wake mwenyewe. Mfalme mweupe akiwahi e3, njia imefungwa. Basi askofu aondoke huku akitisha kitu, na asikae e4. Hatua ya Be4 inatisha g2 lakini inaziba e4 yenyewe; 48.Kf2, kisha Ke3, na ushindi umepotea. Bh3 inatisha na bado inaacha njia wazi: 48.gxh3 Kf5 49.Kf2 Ke4 50.Bxf6 d4 51.Be7 Kd3 52.Bc5 Kc4 53.Be7 Kb3, Topalov akasalimu amri. Kukataa kafara hakumwokoi: 48.Kf2 Kf5 49.Kf3 Bxg2+ 50.Kxg2 Ke4.

Sasa hesabu upande wa injini, yaani programu inayocheza chesi. Katika mchezo wenyewe, toka Bh3 hadi Kb3 ni nusu-hatua 13 (kila zamu ya upande mmoja ni nusu-hatua), na Shirov hajala kete wala kumtisha mfalme hata mara moja. Baada ya 50.Bxf6 ana vitunda 3 dhidi ya askofu na vitunda 2. Injini hutanguliza hatua za kula na zile zilizofaa kwenye matawi mengine. Zinazopoteza kete husukumwa nyuma na kuchunguzwa kwa kina kilichopunguzwa, yaani nusu-hatua chache zaidi mbele. Ndiyo maana kina 20 kwenye skrini si kina 20 kwa Bh3. Injini ya Stockfish, tangu toleo la 12 la 2020, hupima hali kwa mtandao wa neva, lakini upunguzaji huo bado upo.

Ukipima kwenye injini yako, weka uzi mmoja (kazi moja ya kichakataji), MultiPV 1 (mstari mmoja bora tu), SyzygyPath tupu (bila hifadhidata ya miisho), na ufute hashi (kumbukumbu ya hali zilizokwisha kupimwa) kila mara. Andika idadi ya nodi (hali zilizochunguzwa) pale Bh3 inapopanda juu na kubaki hapo, kwa sababu sekunde hutegemea kompyuta yako. Nyuzi nyingi hutoa jibu tofauti kila jaribio. Ukizitumia, rudia mara kumi, chukua thamani ya katikati. Kosa linaloharibu vipimo vingi ni kucheza Bh3 ubaoni, kuiacha injini ifikiri, kisha kurudisha hatua: hashi imeshajua jibu.

Mwisho soma mstari wote unaoonyeshwa. Kama baada ya 48.gxh3 Kf5 49.Kf2 hakuna Ke4, injini imegusa hatua sahihi bila kuona sababu yake, iache iendelee.