Tom Wills hakuchukua mchezo wake Ireland

Kwa miaka mingi watu wamerudia kwamba kandanda ya Australia ni mtoto wa kandanda ya Kigaeli, mchezo wa Ireland, iliyoletwa na Waayalandi waliofuata dhahabu Victoria, Australia. Ukitazama mechi zote mbili leo, utaona kwa nini: mpira unadakwa hewani, unadundishwa huku mtu akikimbia. Tarehe ndizo zinazokataa.

Tom Wills alizaliwa Australia mwaka 1835, akasomeshwa katika shule ya Rugby, Uingereza. Julai 1858 aliandika barua gazetini akiwahimiza wachezaji wa kriketi waanzishe klabu ya kandanda kwa ajili ya majira ya baridi. Mei 1859, yeye na wenzake wa klabu ya Melbourne wakaandika kanuni kumi, mwanzo wa kandanda ya Australia. Chama cha michezo ya Kigaeli kilianzishwa Ireland mwaka 1884, na kanuni zake za kandanda zikafuata 1885. Mtoto hamtangulii mzazi.

Kanuni zile zenyewe zinavutia. Ziliruhusu kumkwatua na kumsukuma mpinzani, lakini kumpiga mateke miguuni marufuku. Mpira kuokotwa chini au kurushwa kwa mkono, hapana. Sharti la kudundisha lilikuja baadaye, 1866.

Ni kweli kwamba mmoja wa waandishi, mwalimu Thomas Smith, alikuwa Mwayalandi, na mchango wake nauheshimu. Ila meza ile ilikuwa na wengine, wakiwemo waliosoma Cambridge, nao walikuwa wakichambua kanuni za shule za Kiingereza.