Fedha za mteja si mapato ya ofisi

Mawakili wengi wanaoanzisha ofisi hudhani kwamba mteja akishalipa, fedha ni zao. Sivyo. Kwa kawaida, malipo ya awali kwa kazi ambayo haijafanywa bado ni mali ya mteja, sawa na fidia yake inayosubiri kukabidhiwa kwake. Katika nchi nyingi kanuni zinataka fedha hizo zikae kwenye akaunti ya wateja, mbali na ile ya mishahara na pango. Wakili huchukua ada yake baada ya kuifanyia kazi na kutoa ankara. Na ile tabia ya “kuazima” kidogo hadi mwisho wa mwezi? Hata ukirudisha yote, ni kosa la kinidhamu linaloweza kukufungia uwakili. Linganisha daftari la kila mteja na taarifa ya benki kila mwezi. Usimwachie mhasibu peke yake.