777 haitibu "Permission denied"

Nimetumiwa tena ujumbe uleule: "Mkuu, nimeshaweka 777 ila bado inagoma." Safari hii ni kijana aliyehitimu chuo hapahapa Dodoma, mchapakazi, anaandika kodi safi. Simlaumu. Nawalaumu wanaoendelea kufundisha kwamba ruhusa za mafaili kwenye Linux zikigoma dawa ni `chmod -R 777`, yaani kumpa kila mtu ruhusa zote kwenye folda na vyote vilivyomo, maana kila nikiitwa baada ya dawa hiyo nakuta seva iko wazi kwa kila mtu na tatizo liko palepale.

Tuchukue hili lake. Tovuti kaiweka `/home/zabibu/tovuti`, seva ni Ubuntu, na Nginx, programu inayowapa wageni kurasa za tovuti, inarudisha 403, yaani "hairuhusiwi". Faili la `index.html` kalipa 777, folda ya `tovuti` nayo 777. Nikamwambia aendeshe `namei -l /home/zabibu/tovuti/index.html`, amri inayoonyesha ruhusa za kila folda iliyo njiani. Yakaja haya:

```
drwxr-xr-x root   root   /
drwxr-xr-x root   root   home
drwxr-x--- zabibu zabibu zabibu
drwxrwxrwx zabibu zabibu tovuti
-rwxrwxrwx zabibu zabibu index.html
```

Baada ya herufi ya kwanza, ruhusa zinasomwa tatu-tatu: za mmiliki, za kikundi, za wengine. r ni kusoma, w ni kuandika, x ni kuendesha; kwa namba ni 4, 2 na 1, na kila tarakimu ya 777 ni jumla yake. Angalia mstari wa tatu. Nginx kwenye Ubuntu inasoma mafaili kwa jina la mtumiaji `www-data`, ambaye si `zabibu` wala hayumo kwenye kikundi chake. Kwake yeye, aliye kwenye "wengine" wenye `---`, folda hiyo imefungwa kabisa, na vilivyo chini yake hata vikiwa 777 havifikiki. Ukizuiwa geti la nje pale Mtumba, haikusaidii kitu kwamba afisa unayemfuata kaacha mlango wa chumba chake wazi. Mwongozo alioufuata ulikuwa wa zamani: kuanzia toleo la 21.04, Ubuntu inatengeneza folda za nyumbani za watumiaji wapya kwa 750, wakati kabla ya hapo zilikuwa 755.

Tovuti ihamie `/var/www`, ndiko kwao. Kama lazima ibaki nyumbani, `chmod o+x /home/zabibu` inatosha. Kisha jaribu ukiwa yule anayezuiwa: `sudo -u www-data cat /home/zabibu/tovuti/index.html`. Usijaribu ukiwa root, mtumiaji mkuu wa mashine. Root anapita kote, kwa hiyo jaribio lake halikuambii lolote.

Hiyo x ya folda ndiyo watu hawataki kuielewa, na ndiyo inayonichosha kuliko yote. Kwenye folda, x ni ruhusa ya kupita ndani, na r ni ruhusa ya kuona orodha ya majina. Ukiwa na x bila r, faili unalolijua jina unalifungua vizuri tu. Ukiwa na r bila x, `ls -l` inakuonyesha majina na safu ya alama za kuuliza, basi. Kufuta nako hakuangalii ruhusa za faili, kunaangalia w na x za folda iliyolibeba. Faili liwe 444, mmiliki awe root, kama folda ni 777 mtumiaji yeyote wa mashine hiyo analifuta. Kwa nini `/tmp` haivurugwi? Kwa sababu ni 1777, na ile 1 ya mbele inamzuia mtu kufuta faili la mwenzake.

Halafu kaneli, kiini cha Linux kinachoamua haya, haijumlishi ruhusa zako. Inauliza kwanza kama wewe ni mmiliki. Ukiwa ndiye, inasoma tarakimu ya mmiliki na kuishia hapo. Faili lenye 077 linamkatalia mwenyewe na kuwafungulia wengine wote. Ndiyo maana swali langu la kwanza siku zote ni "programu inaendeshwa na nani?", na namba za ruhusa zinafuata baadaye.

Sasa "command not found". Hapo ruhusa kwa kawaida hazihusiki kabisa, na bado nakuta mtu kaipigia 777. Angalia `echo $?` mara baada ya amri kugoma: 127 ni kwamba sheli, programu inayopokea amri zako, haikuipata, 126 ni kwamba imeipata ikashindwa kuiendesha. Ikiwa 127, soma `echo $PATH`, orodha ya folda ambamo sheli inatafuta amri. Folda uliyopo haimo humo, kwa hiyo skripti iliyo mbele yako iite kwa `./`. `sudo`, inayoendesha amri kwa mamlaka ya root, kwa kawaida ina PATH yake, iliyoandikwa kwenye `secure_path`. Cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, nayo ina yake fupi, humo andika njia kamili. Kwenye Debian tangu toleo la 10, ukiandika `su`, amri ya kugeuka root, bila kistari unabaki na PATH ya mtumiaji wa kawaida isiyo na `/usr/sbin`, na `adduser` "inapotea". Andika `su -`.

Skripti iliyoandikiwa Windows ikaletwa kwa flashi ina mambo yake. Mistari inaishia na herufi ya ziada isiyoonekana, mashine inatafuta `bash` yenye hiyo herufi mkiani, inakosa, na unaambiwa faili halipo wakati unaliona. Isafishe kwa `sed -i 's/\r$//'`. Na ukiiendesha kutoka kwenye flashi yenyewe, iliyopangwa kwa mfumo wa mafaili wa FAT, usihangaike na chmod: FAT haitunzi ruhusa hizi, zinapangwa wakati wa kuiunganisha na mfumo (mount). Ikiunganishwa na `noexec`, yaani marufuku kuendesha programu humo, hata root hawezi kuiendesha moja kwa moja.

Kuna jambo sijatulia nalo. Vikundi viwili vikitaka folda moja kwa viwango tofauti, `setfacl`, inayoongeza ruhusa za mtumiaji au kikundi kimoja kimoja, inamaliza kazi kwa mstari mmoja. Lakini alama yake kwenye `ls -l` ni kijumlisha kidogo mwishoni, na anayepokea seva baada yako hakioni. Natumia, na kila mara nasita.

Kama mtu ameshapiga `chmod -R 777 /`, usifunge dirisha la root lililo wazi. `sudo` imepoteza setuid, alama inayoiwezesha kuendeshwa kama root, haitafanya kazi tena, na SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, itakataa funguo zilizo wazi kwa kila mtu. Kwenye familia ya Red Hat, `rpm --setperms -a` inarudisha ruhusa za mafaili yaliyokuja na vifurushi. Kwenye Debian na Ubuntu utasakinisha vifurushi upya kwa `apt install --reinstall`, ukianza na `sudo`, na mafaili ya `/etc` pamoja na ya kwako mwenyewe utayapitia kwa mkono. Kama una nakala rudufu, rudisha nakala. Ni haraka zaidi.